Safu moja msikitini, safu saba daftarini: Tunavyoisoma sensa ya Zanzibar ya mwaka 1948

Mwaka 1948 serikali ya Kiingereza iliyokuwa ikiisimamia Zanzibar iliwahesabu watu wa Unguja na Pemba. Kenya, Uganda na Tanganyika nazo zilihesabiwa mwaka huohuo. Makarani walipoifunga kazi yao, jumla ilikuwa watu 264,162: Unguja 149,575 na Pemba 114,587. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Zanzibar watu 1,889,773, yaani zaidi ya mara saba ya wazee wetu wale.

Hata hivyo, jumla hiyo siyo inayoifanya sensa ya 1948 itajwe mpaka leo katika vitabu, katika mabaraza na katika mabishano ya vijiweni. Inatajwa kwa sababu ya mgawanyo wake. Kila aliyehesabiwa aliulizwa asili yake, akatiwa katika safu ya watu wa asili hiyo, na safu zikapatikana saba. Baada ya hapo Zanzibar haikuhesabiwa tena kwa namna hiyo, kwa hiyo kila anayetaka kusema nani walikuwa wengi na nani wachache kabla ya Mapinduzi ya 1964 hurejea kwenye daftari lile.

Katika makala hii tumekusudia kulifungua daftari hilo mbele ya familia zetu na kulisoma taratibu. Tunaona haja ya kufanya hivyo kwa sababu namba zake zimetumika sana kutenganisha watu, na ni wachache waliokaa kuuliza zilipatikana vipi, zilihesabu kitu gani na ziliacha nini.

Takwimu zenyewe

Tuanze na namba kama zilivyoandikwa. Waafrika walikuwa 199,860, karibu asilimia 76 ya watu wote. Waarabu walikuwa 44,560, karibu asilimia 17. Wahindi walikuwa 15,211, Wangazija 3,267, Wagoa 681, Wazungu 296, na wengineo 287. Hizo ndizo safu saba.

Ndani ya safu ya Waafrika mlikuwa na mafungu mawili makubwa. La kwanza ni la wenyeji wa visiwa, Wahadimu, Watumbatu na Wapemba, ambao kwa jina la pamoja huitwa Washirazi. Hao walikuwa 148,480. La pili ni la watu wenye asili ya bara, ambao walikuwa 51,380. Baadhi yao walikuwa wajukuu wa watumwa waliokombolewa, na wengine walikuwa wamevuka bahari miaka ya karibuni kuja kuchuma karafuu, kufanya kazi bandarini au kulima mashamba ya kukodi.

Visiwa viwili navyo havikufanana, na hapa wengi hushangaa. Mtu akisikia habari za Waarabu wa Zanzibar, mawazo yake huenda Mji Mkongwe, Unguja. Sensa inaonyesha kuwa Unguja ilikuwa na Waarabu 13,977 tu, na Pemba 30,583. Kwa maneno mengine, katika kila Waarabu kumi wa Zanzibar, karibu saba walikuwa Wapemba kwa makazi. Kati ya watu wa bara 51,380, kinyume chake, 37,502 walikuwa Unguja na 13,878 Pemba. Atakayeyasahau haya hatafahamu kwa nini siasa za miaka iliyofuata zilikwenda njia moja Unguja na njia nyingine Pemba.

Mpaka hapa mambo yanaonekana yamenyooka, kwani namba zina sura ya ukweli usio na shaka. Lakini sensa ya 1948 haikuwa ya kwanza. Zilitangulia nyingine, na tukiziweka pamoja tunaona jambo la ajabu.

Waliohama safu bila kuhama nyumba

Sensa ya mwaka 1924 iliandika Waarabu 18,884. Miaka saba baadaye, mwaka 1931, waliandikwa 33,401. Ongezeko hilo ni la watu zaidi ya 14,500, yaani zaidi ya robo tatu ya idadi ya mwanzo, katika muda ambao mtoto aliyezaliwa siku ya sensa ya kwanza ndiyo kwanza anaanza chuo. Hakuna jamii inayoongezeka hivyo kwa kuzaa. Ni kweli kwamba majahazi yalikuwa yakileta watu kutoka Omani na Hadhramaut, lakini wageni hao peke yao hawatoshi kulieleza ongezeko lote.

Wakati huohuo jina jingine lilikuwa likiyeyuka. Mwaka 1924, watu zaidi ya elfu thelathini waliandikwa kuwa ni Waswahili. Mwaka 1931 waliokubali kuandikwa kwa jina hilo walikuwa kama elfu mbili tu. Hakukutokea tauni iliyowachagua Waswahili pekee, wala hawakupakiwa merikebuni. Watu walikuwa palepale, katika nyumba zilezile za Ng'ambo na mashambani, wakizungumza Kiswahili kilekile. Kilichobadilika ni jibu walilompa karani.

Kwa nini walibadilisha jibu? Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na masuria wakaachwa huru kisheria mwaka 1909. Waliokombolewa na watoto wao hawakutaka kubaki na jina la nchi walikotekwa, wala hawakuwa na ukoo wa visiwani wa kujinasibisha nao, kwa hiyo wengi walijiita Waswahili, kwa maana ya watu wa pwani, Waislamu, waungwana wapya. Haikupita miaka mingi jina hilo likaanza kunuka utumwa. Ukimwita mtu Mswahili, ilikuwa kama unamkumbusha bibi yake alivyofika kisiwani. Watu wakaliacha. Mmoja akasema yeye ni Mhadimu, kwa kuwa ameoa Makunduchi na amelima huko miaka ishirini. Mwingine akasema ni Mshirazi. Aliyekuwa na babu Mwarabu, hata kama ni babu wa tatu au wa nne, akasema ni Mwarabu.

Hatuwaandiki haya kwa kuwacheka. Mtu aliyenyang'anywa jina ana haki ya kutafuta jina litakalompa heshima. Tunayaandika ili msomaji aelewe kuwa karani wa sensa hana mizani ya kupima damu. Ana kalamu, ana daftari, na ana jibu la aliye mbele yake. Sensa ya asili huhesabu majibu, na majibu ya watu hufuata wakati wao.

Jina lenye mchele

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba majina yale hayakuwa mapambo. Kila jina lilikuja na haki zake au kwa upungufu wake.

Baraza la Kutunga Sheria lilipoanzishwa mwaka 1926, wajumbe wasio watumishi wa serikali waliteuliwa kwa asili zao: Waarabu, Wahindi na Mzungu. Waafrika, waliokuwa wengi kuliko wote, hawakupewa kiti. Ilibidi Vita vya Pili vya Dunia vipite ndipo Mwafrika wa kwanza aingie katika baraza hilo. Watu nao wakajipanga kama serikali ilivyowapanga. Waarabu na Wahindi walikuwa na jumuiya zao tangu zamani. Mwaka 1934 ikaundwa Jumuiya ya Waafrika, na mwaka 1939 ikaanza Pemba Jumuiya ya Washirazi. Wangazija nao walikuwa na chama chao, na kwa miaka mingi waliishughulisha serikali kwa hoja kwamba wasihesabiwe pamoja na wenyeji.

Kisha vita vikaja na njaa yake. Meli za mchele kutoka Mashariki ya Mbali zilipokatika, serikali ilianza kugawa chakula kwa kiasi maalumu, na mgao ukafuata asili. Mchele ulielekezwa zaidi kwa Waarabu na Wahindi, kwa hoja kwamba ndicho chakula chao. Waafrika waliambiwa wategemee mahindi, muhogo na mazao ya mashambani mwao. Mtu yeyote aliyekula biriani ya harusi ya Kihadimu au wali wa maulidi Tumbatu anajua kuwa hoja hiyo haikuwa na msingi. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sufuria ya jikoni ikawa inajazwa kwa mujibu wa safu ya daftari.

Ni miaka michache tu baada ya mgao huo ndipo karani wa mwaka 1948 alipobisha hodi. Tujiulize: baba aliyeona watoto wake wakinyimwa mchele kwa ajili ya jina, na aliyekuwa na babu wa kumtaja, angejibu nini? Na yule aliyeanza kuona kuwa zama zinageuka, na kwamba wingi ndio utakaokuja kuwa nguvu, angejibu nini? Idadi ya Waarabu 44,560 na ya Waafrika 199,860 zina ndani yake maelfu ya maamuzi madogo ya namna hiyo, yaliyofanywa barazani, mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Kilichofichwa na safu

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili hivi. Tunasema safu ya daftari, na tunasema safu ya swala. Mwaka 1948 watu wa Zanzibar, isipokuwa wachache, walikuwa Waislamu. Waliosimama bega kwa bega katika safu moja msikitini alfajiri, jua lilipopanda waliandikwa katika safu mbalimbali.

Tuitazame safu ya Waarabu. Ndani yake alikuwamo mwenye mashamba ya mikarafuu na nyumba ya ghorofa tatu Shangani. Alikuwamo pia Mmanga mwenye kiduka cha mabati kijijini, anayelala juu ya magunia yake ya sukari. Alikuwamo Mshihiri kutoka Hadhramaut, anayebeba mizigo bandarini au kupita mitaani na dele lake la kahawa. Alikuwamo na Mpemba mkulima, mwenye mikarafuu kumi na ng'ombe wawili, ambaye Kiarabu chake kilikuwa ni kile cha swala. Wote hao daftari liliwaita kwa jina moja, na wenye hasira walipokuja kulitumia jina hilo mitaani, waliotangulia kuumia hawakuwa wenye ghorofa.

Safu ya Wahindi ilikuwa na mchanganyiko wa namna nyingine. Iliwakusanya Mabohora, Makhoja wa Kiismaili na wa Kiithnaasheri, Mamemoni wa Kisuni na Mabaniani wa Kihindu, watu ambao hawakuoleana wala hawakusali pamoja. Wagoa, waliotoka Bara Hindi vilevile, walitengwa katika safu yao. Kwa hiyo daftari lile liliwaunganisha waliokuwa mbalimbali na kuwatenganisha waliokuwa pamoja.

Upande wa Washirazi, wenyewe wanasimulia kuwa wazee wao walitoka Shirazi, Uajemi, na wanahistoria wameijadili simulizi hiyo kwa muda mrefu. Jambo lisilo na ubishi ni ukongwe wa Uislamu wao. Msikiti wa Kizimkazi, kusini ya Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Hiyo ni zaidi ya miaka mia saba kabla ya Sayyid Said bin Sultan kuufanya mji wa Unguja makao ya dola yake. Katika daftari la 1948, kizazi cha watu waliojenga misikiti ya namna hiyo kilikuwa ndani ya safu moja na mchuma karafuu aliyeshuka chomboni mwaka uliotangulia. Huenda wote wawili waliridhika kuitwa Waafrika, na huenda mmoja hakuridhika. Daftari halikuwa na nafasi ya kuliandika hilo.

Wapo pia watu ambao maisha yao yote yalikuwa hoja dhidi ya safu. Sheikh Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, kadhi mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, alizaliwa Ngazija. Asili ya baba yake ilikuwa Hadhramaut, na elimu yake iliwanufaisha watu wa Unguja, Lamu na Mombasa. Tumwandike Mngazija? Mwarabu? Mtu wa pwani? Wanafunzi wake walimjua kwa elimu na uchamungu wake, na mji mzima ulimjua kwa hukumu zake za haki.

Mama mmoja, safu mbili

Sasa tufike kwenye jambo linalozigusa familia moja kwa moja. Asili ya mtu ilifuatwa kwa baba. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa nasaba kwa Waarabu na kwa wengi wa pwani. Mtoto wa Mwarabu alikuwa Mwarabu, awe mama yake ni Mmanga wa Muskati, Mhadimu wa Jambiani au suria aliyetoka Nyasa. Sheria ya Kiislamu ilimtambua mtoto wa suria kuwa ni huru na halali, mwenye haki sawa na ndugu zake. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi, na hilo halikumzuia kukaa kwenye kiti cha usultani.

Utaratibu huo ulikuwa na rehema ndani yake, kwani ulimwinua mtoto wa mjakazi hadi daraja la baba. Lakini ulipotiwa katika daftari la sensa, matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Chukua mwanamke mmoja wa Kipemba. Ameolewa kwanza na Mwarabu, akazaa mtoto wa kiume. Mume akafa, eda ikaisha, akaolewa na Mshirazi mwenzake, akazaa binti. Watoto hawa wawili wamelala tumbo moja, wamenyonya ziwa moja na wamekua katika ua mmoja. Mwaka 1948 kaka aliandikwa Mwarabu na dada akaandikwa Mwafrika. Mfano huu tumeupanga wenyewe, lakini anayeijua Pemba anajua kuwa ndoa za namna hiyo zilikuwa jambo la kawaida.

Na kinyume chake kilikuwepo pia. Binti wa Kiarabu akiolewa na Mshirazi, watoto wake walihesabiwa kwa baba yao. Ndoa za upande huu zilikuwa chache, kwa kuwa familia nyingi zilishikilia kufu, na nasaba ni miongoni mwa mambo ambayo wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wameyataja katika kufu. Zilipotokea, damu ya mama ilipotea daftarini kana kwamba haikuwapo.

Tuilinganishe hesabu hiyo na hesabu nyingine ambayo kila familia ya Kiislamu huifanya: mirathi. Mtu akifa hali hana mtoto wala baba wala babu, ndugu zake wa upande wa mama wanarithi. Akiwa ni mmoja anapata sudusi. Wakiwa wawili au zaidi wanashirikiana katika thuluthi, na wa kike hupata sawa na wa kiume. Bibi mzaa mama naye ana sudusi yake, ikiwa mama hayupo. Kwa hiyo yule kaka aliyeandikwa Mwarabu na yule dada aliyeandikwa Mwafrika, kadhi anapokaa kugawa mali, ni ndugu wa kurithiana. Hesabu ya mirathi imewaona wote wawili, na imemwona mama yao.

Hapa ndipo tunapoona upungufu mkubwa wa sensa ile. Ilimhesabu kila mtu kwa mstari mmoja tu, wa baba wa baba wa baba, ilhali mtu hutokana na mistari mingi. Idadi ya waliohesabiwa inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado picha ya jamii ikawa pungufu.

Namba zilipoingia barabarani

Mwaka 1958 Zanzibar ilihesabiwa tena. Watu walikuwa 299,111: Unguja 165,253 na Pemba 133,858. Safari hii Waafrika na Waarabu hawakutenganishwa. Waliwekwa katika fungu moja la watu 279,935. Kwa upande mmoja hilo lilikuwa karibu zaidi na maisha ya watu. Lakini vyama vya siasa vilikuwa vimekwisha simama, Hizbu mwaka 1955 na Afro-Shirazi mwaka 1957, na namba iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa ile ya 1948. Fungu moja la karatasini halikuweza tena kufuta safu zilizokwisha ingia vichwani.

Hizbu walisema wote ni raia wa Sultani na kwamba habari ya asili haifai kuulizwa. Afro-Shirazi walisema robo tatu ya nchi haiwezi kutawaliwa na sehemu chini ya robo. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na kila upande ulikuwa na watu wake wa kweli wenye dhiki za kweli. Mwenye ardhi na asiye na ardhi hawakuwa hadithi ya kubuniwa na karani. Lakini hesabu ya robo tatu ilidhani kuwa Washirazi 148,480 na watu wa bara 51,380 ni jamii moja yenye moyo mmoja. Washirazi wengi wa Pemba walionyesha kuwa sivyo. Mwaka 1959 kikazaliwa chama cha tatu, ZPPP, chini ya Sheikh Muhammad Shamte, na kura zao ndizo zilizokuja kuamua nani atawale.

Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa viti kumi kwa Afro-Shirazi, tisa kwa Hizbu na vitatu kwa ZPPP, na jimbo la Chake Chake lilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa ZPPP walipogawanyika, pande zote mbili zikawa sawa na serikali haikuweza kuundwa. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, na siku ya kupiga kura damu ikamwagika. Watu 68 waliuawa katika ghasia hizo. Wengi wao walikuwa Waarabu, na miongoni mwao walikuwamo wenye viduka na vibarua wa mashambani, watu ambao hawakuwahi kumtawala yeyote.

Mwaka 1963 Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 kati ya 31, na Hizbu na ZPPP wakaunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964. Watu wengi walipoteza maisha, na wengine wengi waliondoka kwenda Omani, nchi za Ghuba, Uingereza na kwingineko. Jina ambalo baba alilichukua miaka ya njaa ili watoto wapate mchele, sasa liliweza kumgharimu mtoto nyumba, shamba, na pengine roho.

Hatusemi kuwa sensa ndiyo iliyoua watu. Dhulma ya ardhi, kumbukumbu ya utumwa, viti vilivyogawiwa bila haki na maneno makali ya magazeti na majukwaa, vyote vilikuwa na sehemu yake. Tunasema kuwa sensa ilizipa chuki hizo majina yaliyonyooka, na kwamba mtu aliyekuwa na majina matatu au manne kwa wakati mmoja, kama walivyokuwa wengi wa visiwani, alilazimishwa kubaki na moja.

Kuhesabu kwa haki

Je, tuhitimishe kuwa kuhesabu watu ni jambo baya? Hapana. Katika Sahihi ya Imam Bukhari imepokewa kutoka kwa Hudhayfa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru masahaba wamwandikie idadi ya waliotamka Uislamu, nao wakaandika wanaume 1,500. Jamii isiyojua idadi yake haiwezi kupanga ulinzi wake, visima vyake wala madarasa ya watoto wake. Makabila yalikuwapo Madina, yakijulikana kwa majina, na Suratul Hujurat imetufunza kuwa yamewekwa ili watu wapate kujuana. Ubora umewekwa mahali pengine, katika uchamungu.

Nchi zetu zimechagua njia tofauti katika jambo hili. Tanzania haijauliza kabila wala dini katika sensa tangu ile ya mwaka 1967. Kenya inaendelea kuuliza kabila. Wapo wanaosema kuwa kuuliza kunapanda mbegu ya mgawanyiko, na wapo wanaosema kuwa kutouliza kunawaficha wanyonge wasionekane katika mgao wa shule na hospitali. Historia ya Zanzibar inatoa tahadhari inayowafaa wote: kabla ya kuuliza asili ya mtu, itazamwe kwanza jibu lake litakwenda kutumiwa kwa nini. Pale jibu linapogawa mchele na viti, watu watajibu kwa kufuata mchele na viti.

Kwa upande wa nyumbani ipo kazi ambayo haihitaji serikali. Wazee waliohesabiwa mwaka 1948 wakiwa watu wazima karibu wote wamekwisha tutangulia mbele ya haki, na waliokuwa watoto siku ile sasa ni wazee. Familia nyingi za pwani, iwe Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam au Muskati, zina shajara za upande wa baba zinazorudi vizazi saba au kumi, na upande wa mama zinakwama kwa bibi mmoja tu, pengine bila hata jina lake kamili. Tunawashauri wazazi wakae na wazee hao wangali hai, wachukue daftari, waulize: mama yake bibi aliitwa nani, alitoka wapi, ndugu zake waliolewa wapi, nani aliondoka mwaka 1964 na watoto wake wako wapi sasa. Akitajwa suria aandikwe kwa jina lake, bila kuonewa haya, kwa sababu aibu ya utumwa ni ya aliyemteka, si yake. Akitajwa Mnyamwezi, Mmanga, Mtumbatu au Mhabeshi, aandikwe vilevile.

Kazi hiyo ina manufaa ya dini pia. Kuunga kizazi ni amri, na mtu hawezi kuunga asichokijua. Mirathi nyingi huharibika kwa sababu ndugu wa upande wa mama hawajulikani waliko, au wanajulikana na wakanyamaziwa. Daftari la nyumbani likiandikwa kwa uadilifu, mtoto ataikuta ndani yake Zanzibar ambayo makarani wa mwaka 1948 hawakuwa na mahali pa kuiandika, na atawakuta ndugu zake katika safu zote.